Likasi: Mguu uliovunjika vibaya unaweza kuokolewa bila kukatwa

Likasi iko kwenye barabara ya taifa nambari 1, kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Malori ya madini na pikipiki hugombania njia hiyo usiku na mchana. Anayegongwa hapo huweza kuvunjika muundi, na kwa kuwa mbele umefunikwa na ngozi tu, mfupa hutoka nje. Jamaa huogopa jambo moja: mguu kukatwa.

Lakini mara nyingi kuna njia nyingine. Madaktari huosha kidonda, huondoa nyama na mfupa uliokufa, na kushikilia mguu kwa vyuma vya nje. Nyama ya shavu la mguu huweza kugeuzwa ili ifunike mfupa. Pengo likibaki, hutumika njia ya Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan, Siberia: mfupa hukatwa penye uzima, kisha huvutwa milimita 1 kwa siku, na mfupa mpya huota nyuma yake.

Pengo la sentimita 5 hudai siku 50 za kuvuta, kisha miezi ya kungoja mfupa ukomae. Kwa dereva au mchimbaji, hiyo ni miezi bila kipato.

Yote huanzia barabarani: funika kidonda kwa kitambaa safi, funga mguu kwenye ubao, usirudishe mfupa ndani, mfikishe hospitali upesi apewe antibiotiki.