Mwanao Amepata C au D? Ulizeni Haya Kabla ya Kulipa Karo

Matokeo ya KCSE yakitangazwa, pongezi humwendea aliyepata A. Aliyepata C au D hukaa kimya, na mara nyingi wa kwanza kumpigia simu ni wakala wa chuo anayetaka pesa upesi. Mzazi akiuza ng'ombe kulipia kozi ambayo cheti chake hakitambuliwi, mwana amepoteza miaka na ng'ombe harudi. Kwa hivyo, kabla ya kulipa, fuateni hatua hizi.

Jueni alama zinaruhusu nini. Shahada huhitaji C+ au zaidi. Kwa kawaida diploma huhitaji C-, cheti huhitaji D, na mafunzo ya ufundi ya ngazi ya chini hupokea hata mwenye E. Anayeanza chini anaweza kupanda: kutoka cheti hadi diploma, kisha shahada.

Tazameni kila somo. Wanafunzi wawili wenye C hawafai kozi zilezile. Uuguzi huangalia Biolojia na lugha. Uhandisi huangalia Hisabati na Fizikia. Mwanafunzi pia aulizwe anapenda kazi gani, kwa maana ni yeye atakayeisomea.

Thibitisheni usajili. Vyuo vya kiufundi hupewa leseni na TVETA, na orodha yake iko kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Usiishie kwenye jina la chuo. Uliza kama kozi yenyewe imeidhinishwa na ni nani anayetahini. Kozi ya uuguzi, kwa mfano, ni lazima itambuliwe na Baraza la Wauguzi la Kenya.

Pigeni hesabu yote. Karo ni sehemu tu. Kuna chakula, malazi, nauli, vifaa na ada ya mtihani. Ombeni orodha ya malipo kwa maandishi. Nafasi katika vyuo vya umma huombwa kupitia KUCCPS, na mikopo ya HELB hutolewa pia kwa wanafunzi wa vyuo vya kiufundi. Lipeni kwenye akaunti ya chuo, kamwe si kwa simu ya wakala, na mchukue risiti.

Fikeni chuoni. Ombeni kuona karakana. Je, mashine zinatumika au zimejaa vumbi? Waulizeni wanafunzi wa mwaka wa pili walifanyia wapi mazoezi ya kazi.

Msisahau vyuo vya ufundi vilivyo karibu nanyi. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Anayesomea karibu na nyumbani huokoa pesa za malazi, na fundi umeme, fundi bomba au mshonaji hodari hakosi wateja mtaani.

Msikubali kuharakishwa. Siku chache za kuuliza ni nafuu kuliko miaka miwili ya kujuta.