Kompyuta Isiyoamka Baada ya Kuwekewa Mfumo Mpya

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Kwa sababu hiyo watu wengi wenye kompyuta za zamani wameona heri kuziwekea mfumo mwingine. Hawa Windows 11, na wale Linux, ambao hupatikana bila malipo. Aghalabu kazi hiyo huisha salama. Lakini mara nyingine mtu akisha kuweka mfumo mpya na kuizima kompyuta, huiwasha asione kitu ila kioo cheusi chenye maandishi machache ya Kiingereza. Hapo ndipo washauri huwa wengi: huyu asema diski imeungua, yule asema futa yote uanze upya. Mimi napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu kwa nini shauri hilo la kufuta lapasa kuwa la mwisho kabisa, wala si la kwanza.

Kwanza yafaa tujue jinsi kompyuta inavyoamka. Inapowashwa, haijui lolote juu ya Windows wala Linux. Kuamka kwake ni kama mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji wa kwanza ni programu ndogo iliyotiwa kiwandani ndani ya bao kuu la mashine. Kazi yake ni kukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha kutafuta ni wapi mfumo ulipo. Mkimbiaji wa pili ni programu nyingine ndogo, ambayo huandikwa katika diski siku ile mfumo unapowekwa. Mimi nitaiita mwitaji. Mwitaji hukiita kiini cha mfumo, ambacho ndicho mkimbiaji wa tatu, na kiini huamsha mengine yote mpaka tuone mahali pa kuandika neno la siri. Kijiti kikianguka mahali pamoja tu, mbio husimama, hata kama wakimbiaji wote ni wazima. Basi swali la kujiuliza ni hili: kijiti kimeanguka wapi?

Jibu twaweza kulisoma katika kioo. Ikiwa haionekani hata alama ya mtengenezaji, mfumo mpya hauna hatia, maana zamu yake haijafika. Tazama waya wa umeme, waya wa kioo, na vipande vya kumbukumbu kama vimekaa sawasawa.

Ikiwa alama ya mtengenezaji yaonekana, kisha yafuata maneno ya kusema kwamba hakuna chombo chenye mfumo, basi mkimbiaji wa kwanza hakumwona wa pili. Chomoa flashi zote, uwashe tena, huku ukibonyeza kitufe cha kufungua ukurasa wa mipangilio. Kitufe hicho huwa F2, F10 au Delete, kwa kadiri ya mtengenezaji. Humo angalia kama diski yatajwa. Ikiwa haitajwi, waya wake umelegea au diski yenyewe ni mbovu. Ikiwa yatajwa, angalia kama imepangwa kutafutwa mbele ya vyombo vingine, kisha angalia njia ya kuamkia.

Njia hizo ni mbili. Ya zamani ni ile iliyokuja na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981: mkimbiaji wa kwanza husoma fungu la kwanza la diski, lenye baiti 512 tu. Njia mpya huitwa UEFI. Yenyewe hutafuta faili la mwitaji katika sehemu maalumu ya diski. Mfumo uliowekwa kwa njia moja kwa kawaida hauonekani kwa njia ya pili. Tena, kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu mwaka 2012 zina ulinzi ambao humkataa mwitaji asiye na sahihi inayotambuliwa.

Ikiwa latokea neno grub na alama ya kungojea amri, mwitaji wa Linux ameamka lakini haoni vitu vyake. Yeye hurekebishwa kwa flashi ile ile ya kuwekea mfumo. Na ikiwa alama ya mfumo mpya yatokea kisha yote yaganda, kiini kimekwisha pokea kijiti, na mara nyingi tatizo liko katika programu ya kuendesha kioo au kifaa kingine.

Nitoe mfano. Mwaka huu Linux iliwekwa katika kompyuta kuukuu ya chumba cha walimu. Katika sehemu nyingine ya diski hiyo mlikuwa na alama zetu za mitihani ya muhula mzima, nazo hazikuwa na nakala mahali pengine. Siku ile ikafanya kazi vizuri. Jioni waya ukachomolewa ukutani, na asubuhi mashine ikasema kwamba haina mfumo. Fundi mmoja akashauri diski ifutwe yote. Mwalimu wetu wa kompyuta akataka tutazame kwanza. Katika ukurasa wa mipangilio tukaona diski yatajwa kwa jina lake, lakini saa yaonyesha mwaka 2012. Hapo siri ikafunuka. Katika bao kuu mna betri ndogo ya mviringo mfano wa sarafu, ya volti 3, ambayo hutunza saa wakati umeme haupo. Na katika mashine kuukuu kama ile hutunza na mipangilio. Betri ilikuwa imekufa, na mashine ikarudia njia ya zamani iliyopangwa kiwandani, hali mfumo uliwekwa kwa UEFI. Tukatia betri mpya, tukarudisha UEFI, na mfumo ukaamka. Alama zote zilikuwapo. Kama diski ingalifutwa, jasho la wanafunzi wa vidato vinne lingalipotea kwa ajili ya betri.

Hata kama kosa ni kubwa kuliko hilo, bado iko njia ya kuokoa mali. Flashi nyingi za Linux zaweza kuamsha kompyuta pasipo kuandika chochote katika diski. Iwashe kwa flashi hiyo, ufungue diski, unakili faili zako katika chombo kingine, ndipo uanze matengenezo. Lakini diski iliyofungwa kwa siri haifunguki bila ufunguo wake. Ule wa Windows una tarakimu 48, nao yapasa uandikwe na kuhifadhiwa mapema.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nawasihi wenzangu, na wazazi wanaopeleka kompyuta kwa mafundi, wafanye nakala kabla ya mfumo mpya kuwekwa. Na fundi akisema kwamba dawa ni kufuta, aulizwe kwa upole: kijiti kimeanguka wapi? Asiyeweza kujibu hajamaliza kuchunguza.