Unalipia Mbolea, Magugu ya Ziwa Ndiyo Yanakula! Cheki Vile Nano Inaweza Kusaidia

Kama umewahi kushuka Dunga Beach wikendi kutafuta ngege, hii unaijua. Unafika, ziwa halionekani. Kila mahali ni kijani. Magugu maji yamefunga ghuba, boti zimekwama, na wavuvi wamekaa tu wakipiga story.

Sasa jiulize: hayo magugu hulishwa na nani? Kuna maji taka ya mji, kuna udongo unaobebwa na mvua, lakini pia kuna mbolea. Panda matatu ya kwenda Ahero uone mashamba ya mpunga. Mkulima akirusha yurea, mara nyingi mpunga hauchukui hata nusu ya ile naitrojeni. Nyingine hupaa hewani kama gesi, nyingine hufuata maji mpaka Mto Nyando, halafu Ghuba ya Winam. Huko magugu yanangoja na sahani mkononi.

Piga hesabu. Hata ukipata gunia la ruzuku la kilo 50 kwa shilingi 2,500, doo nyingi inaishia ziwani.

Hapo ndipo nano inaingia. Usiogope hilo jina, hata mimi niliyeachia koleji njiani nimeelewa. Nano ni vitu vidogo mno, kati ya nanomita 1 na 100. Unywele wako mmoja una unene wa kama nanomita 80,000 hivi. Kitu kikiwa kidogo hivyo, kinaweza kushikilia yurea na kuiachilia polepole, badala ya kuimwaga yote mara moja.

Si story za jaba. Mwaka 2017, watafiti wa Taasisi ya Nanoteknolojia ya Sri Lanka walichapisha kazi yao. Walichukua haidroksiapataiti, madini yaleyale yaliyo kwenye meno na mifupa yako, wakayatengeneza kwa saizi ya nano, kisha wakayabandika yurea. Ndani ya maji, yurea hiyo ilitoka polepole mara 12 kuliko ya kawaida. Wakaijaribu kwa mpunga wakitumia nusu tu ya yurea, na mavuno hayakushuka. Mpunga, msee! Kitu chenyewe tunacholima Ahero na West Kano.

Lakini tulia kwanza, usikimbie dukani. Si kila kitu kilichoandikwa "nano" ni moto. India ilizindua yurea ya nano ya majimaji mwaka 2021, ikasemekana chupa ya nusu lita inafanya kazi ya gunia la kilo 45. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab kilipoijaribu shambani kwa ngano na mpunga, mavuno yalishuka. Kumbuka hiyo chupa ni kitu tofauti na ile ya Sri Lanka. Neno ni moja, dawa ni mbili.

Na sisi Wakenya tushachomwa. Mwaka 2024 wakulima waliuziwa mbolea feki ndani ya magunia mazuri tu. Kwa hivyo mtu akikuletea chupa ya nano kijijini, muulize maswali matatu. Imejaribiwa kwa udongo wa huku ama wa kwingine? Nani aliyeijaribu, KALRO ama yeye mwenyewe? Na hizo chembe zikifika ziwani, zinafanya nini kwa samaki? Akianza kubabaika, mwambie aende salama.

Wakati tunangoja majibu, kuna kitu unaweza kufanya msimu huu. Usirushe yurea yote siku moja, igawanye mara mbili au tatu. Na kabla ya kurusha, funga mfereji wa kutoa maji shambani. Hiyo haihitaji maabara, ni jembe tu.

Nano itakuja, na ikija vizuri itatufaa. Lakini kazi yake ni ileile ya huo mfereji uliofungwa: chakula cha mpunga kibaki kwa mpunga, na Dunga tuone maji tena.