Si Pori, Ni Mahame

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu zoezi la tafsiri: makala fupi kuhusu msitu unaokizunguka kinu cha nyuklia cha Chernobyl, nchini Ukraine. Mmoja wao akauita "pori". Nilimkosoa kwa wino mwekundu, naye akaja ofisini kuzidai maksi zake. "Mwalimu, mle mna mbwamwitu, nguruwe mwitu, na farasi wa Przewalski walioletwa mwaka 1998. Pori si mahali wasipokaa watu?"

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, ila historia inaikataa. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, tanuri nambari 4 lililipuka. Misonobari ya jirani ilikufa kwa mionzi, ikageuka rangi ya kutu. Ndipo pakaitwa Msitu Mwekundu. Matingatinga yakaiangusha, ikazikwa mitaroni kama maiti wa tauni. Mji wa Pripyat, wenye wakazi takriban 49,000, ulihamishwa kesho yake. Waliambiwa kwamba wangerejea baada ya siku tatu hivi.

Kiswahili kina neno kwa mahali kama hapo: mahame, kutokana na kitenzi "hama". Asiyelielewa na azuru Gedi, karibu na Malindi, aone mizizi ilivyozikumbatia kuta za msikiti. Miti imejaa, lakini nani atapaita pori?

Yamkini msomaji ataniona mchokozi wa maneno, maradhi ya wanaisimu. La hasha! Mwaka 2016 Ukraine iliutangaza upande wake wa eneo hilo kuwa hifadhi ya viumbe, jambo ambalo silipingi. Ninachokihofia ni neno "pori" kuwaondolea lawama waliokosa, na kutuaminisha kuwa ardhi imejiponya. Wanyama wamestawi kwa kuwa mkulima na mwindaji wameondoka, si kwa kuwa sumu imekwisha. Sizi-137 hupungua kwa nusu tu kila miaka 30 hivi; na misitu hiyo ilipoungua Aprili 2020, moshi uliibeba tena hewani.

Nilimrudishia mwanafunzi nusu ya maksi. Alipofika mlangoni akageuka: "Na wale wazee, wengi wao akina mama, waliorejea kinyemela vijijini mwao wakalima viazi na kufuga kuku, wao waliishi maghofuni, porini, au nyumbani?"

Nilimwambia aje wiki ijayo. Amekuja mara mbili, na bado sijamjibu.