Mtoto wa mkulima, mtoto wa mfugaji, chumba kimoja chuoni



Kila mwaka ifikapo miezi ya Oktoba na Novemba, zipo familia huko Kidodi zinazofunga mizigo ya kijana anayekwenda chuo kikuu. Basi huyaacha mashamba ya miwa, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na siku hiyo hiyo kijana huwa Morogoro, penye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Chuo Kikuu cha Waislamu na, pembeni kidogo, Mzumbe. Mzazi amekwisha kuhangaikia ada, godoro na fomu za mkopo. Ama nani atakayelala katika kitanda cha pili cha chumba kile, hilo tumewaachia wenye chuo.

Vyuo navyo huwa na wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, na ndani yake hutengwa saa moja au mbili za kuwafunza kuishi na watu wa makabila, dini na hali mbalimbali. Mafunzo hayo tunayaunga mkono. Tunachohofia ni kwamba saa mbili ukumbini haziwezi kufuta yale ambayo mtoto ameyasikia barazani kwa miaka kumi na minane.

Kidodi yenyewe si ya kabila moja. Wapo Wavidunda, wenye milima yao. Kisha kiwanda cha sukari cha Kilombero tangu miaka ya 1960, na bwawa la umeme la Kidatu katika miaka ya 1970, vikavuta watu kutoka Iringa, Njombe, Mbeya na kwingineko. Watoto wa wakata miwa hao wamekaa dawati moja na watoto wa wenyeji, Waislamu na Wakristo, na wazazi wao wamezikana. Mtu angeweza kudhani kijana wa hapa hana la kufundishwa.

Hata hivyo Wilaya ya Kilosa ina jeraha lake. Mwezi Desemba 2000, ndani ya Ramadhani, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni kutokana na ugomvi wa wakulima na wafugaji, na mapigano mengine yakafuata wilayani humo katika miaka ya baadaye. Rudewa si Kidodi, lakini habari husafiri, na katika nyumba nyingi neno "mfugaji" likawa linatamkwa kama tusi. Nako kwenye maboma ya wafugaji mkulima ana jina lake. Sasa watoto hao wawili, waliofaulu mtihani mmoja, wanakabidhiwa ufunguo wa chumba kimoja. Je, tumewaandaa?

Wanazuoni wa Sira wametusimulia habari za Aus na Khazraj wa Madina, ndugu waliouana miaka mingi hadi vita vya Bu'ath, miaka michache kabla ya Hijra. Uislamu ukawaunganisha. Siku moja wakiwa wameketi pamoja, akatokea aliyewakumbusha mashairi ya vita vile, maneno yakapanda, na silaha zikaitwa. Mtume (S.A.W.) hakutuma mjumbe, bali aliwaendea mwenyewe, akawakemea kwa kurudia mambo ya ujahiliya, wakalia na kukumbatiana. Tuzingatie kwamba hao walikuwa Masahaba, wenye kuswali nyuma yake, na bado shairi moja tu lilitosha kuwasha moto.

Na alipowaunga Muhajirina na Ansari hakuishia kwenye hotuba ya jumla. Alimshika huyu na huyu, akawafanya ndugu, wakagawana nyumba na riziki. Kwa maoni yetu hapo pana somo kwa washauri wa wanafunzi: wawaunganishe vijana wawili wawili wa asili tofauti, wapewe kazi ya kufanya pamoja muhula mzima.

Lipo pia la watu wenye ulemavu. Abdallah bin Ummi Maktum (R.A.) alikuwa kipofu, zikateremka kwa sababu yake aya za mwanzo za Surat Abasa, na Mtume (S.A.W.) akawa akimwachia Madina anaposafiri. Sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, lakini wapo kati yetu ambao hadi leo humficha ndani mtoto asiyeona.

Tuseme na lililo gumu kwetu. Waislamu tumedai, na kwa haki, hijabu iheshimiwe na nafasi ya swala itolewe vyuoni. Chuo Kikuu cha Waislamu, kilichoanza kufundisha mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, hupokea na wasio Waislamu. Binti wa Kikristo anayesoma pale anatazama kama haki tuliyoidai kwa watoto wetu tunampa na yeye.

Tunawaomba maimamu wa Kidodi, Ruaha na Mikumi wasingoje chuo. Wanafunzi warudipo likizo, waitwe baada ya swala ya Ijumaa wawaeleze wanaojiandaa kwenda, wazazi wakiwepo, ni nani walilala naye chumba kimoja na walikosana kwa lipi. Na mzazi wa Kilosa mwenye kijana wa kusafiri mwaka huu amkalishe usiku mmoja kabla ya basi, amsimulie ya Rudewa bila kuongeza chumvi, na amwambie ni maneno gani ya baraza la nyumbani ambayo asiyabebe.