Amsterdam 1962: Kombe la Ulaya na Wana wa Makoloni (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliiacha Benfica mjini Bern, Mei 31, 1961, ikiwa imeifunga Barcelona 3–2 na kuwa klabu ya kwanza, ukiitoa Real Madrid, kulitwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Wengi waliuita ushindi ule wa bahati. Barcelona waligonga nguzo zaidi ya mara moja, na kipa wao Ramallets alijifunga mwenyewe. Zaidi ya hayo, Madrid hawakuwapo: walikuwa wametolewa mapema na hao hao Barcelona, baada ya kulishika kombe miaka mitano mfululizo. Kwa hiyo swali lilibaki hewani. Je, Benfica ingemweza mwenye kombe lake akisimama mbele yake? Jibu lilitolewa na msimu wa 1961/62, na kwa maoni yangu hakuna msimu wa miaka ile unaotuhusu sisi Waafrika kuliko huo.

Msomaji kijana aliyezoea Ligi ya Mabingwa ya leo inafaa akumbushwe jinsi mambo yalivyokwenda. Kila nchi ilipeleka bingwa wake, na bingwa mtetezi aliongezwa juu yao. Makundi hayakuwapo, tangu raundi ya kwanza ilikuwa mtoano. Timu zilikutana nyumbani na ugenini, mabao yakajumlishwa, na aliyezidiwa akafunga virago. Bao la ugenini halikuwa na uzito wa ziada. Jumla ikilingana, mchezo wa tatu ulipigwa katika uwanja usio wa yeyote kati yao. Wachezaji wa akiba hawakuruhusiwa, kwa hiyo aliyeumia alichechemea hadi mwisho au aliwaacha wenzake wakiwa kumi.

Madrid walirudi na hasira. Waliitoa Vasas ya Hungaria, kisha wakaitandika Boldklubben 1913 ya Denmark jumla ya mabao 12–0. Robo fainali ndiyo iliyowatoa jasho. Walishinda Turin 1–0 dhidi ya Juventus ya John Charles na Omar Sívori, na kila mtu akadhani kazi imekwisha. Februari 21, 1962, Sívori akafunga bao pekee mjini Madrid, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kombe hili wenyeji wakapoteza mchezo nyumbani kwao Santiago Bernabéu. Ikabidi warudiane Paris wiki moja baadaye, na huko Madrid wakashinda 3–1. Nusu fainali dhidi ya Standard Liège ya Ubelgiji haikuwapa taabu: 4–0, kisha 2–0.

Njia ya Benfica ilikuwa na miiba zaidi. Baada ya kuitoa Austria Wien, walifungwa 3–1 na Nürnberg huko Ujerumani, kisha wakawalipa Wajerumani hao 6–0 Lisbon. Nusu fainali wakakutana na Tottenham Hotspur, mabingwa wa Uingereza waliokuwa wametwaa ligi na Kombe la FA kwa mwaka mmoja. Hawa Spurs walikuwa wamefungwa 4–2 na Górnik kule Poland na kurudi London kuwachapa 8–1, basi hakuna aliyewachukulia kwa wepesi. Benfica walishinda 3–1 Lisbon. Aprili 5, London, Águas alitangulia kuwafungia Wareno. Bobby Smith akasawazisha, Danny Blanchflower akafunga penalti, na dakika zote zilizobaki zikawa mashambulizi ya upande mmoja. Jimmy Greaves alitia mpira wavuni, bao likakataliwa kwa kuotea. Dave Mackay akagonga mtambaa wa panya. Benfica walipoteza 2–1 na kuvuka kwa jumla ya 4–3.

Katika kikosi hicho kulikuwa na kijana ambaye hakucheza Bern. Eusébio da Silva Ferreira alizaliwa Januari 25, 1942, akakulia Mafalala, mtaa wa maskini pembezoni mwa Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Alifiwa na baba akiwa mdogo, akalelewa na mama yake Elisa. Mpira wake wa kwanza, kama wa watoto wengi wa pwani yetu, ulikuwa soksi zilizoshindiliwa magazeti. Inasimuliwa kwamba kocha wa Benfica, Béla Guttmann, alilisikia jina lake katika duka moja la kinyozi mjini Lisbon, kutoka kwa Mbrazili José Carlos Bauer, aliyekuwa ametembelea Msumbiji na timu yake. Tatizo ni kwamba kijana alichezea tawi la Sporting, mahasimu wa Benfica. Alipofika Ureno Desemba 1960 ukazuka mvutano mkubwa kati ya klabu hizo mbili. Kwa muda alifichwa katika hoteli kusini mwa nchi, na habari zake zilipelekwa kwa jina bandia la kike, Ruth. Mvutano huo ukamfanya aikose fainali ya 1961.

Aliyempokea Lisbon na kumlea kama mdogo wake alikuwa Mário Coluna, kiungo aliyetoka Msumbiji mwaka 1954 na aliyekuwa mhimili wa timu. Eusébio hakumwita kwa jina tupu. Alimwita Bwana Coluna, mpaka walipokuwa wazee wote wawili.

Fainali ilipigwa Mei 2, 1962, katika Uwanja wa Olimpiki wa Amsterdam, mbele ya watazamaji zaidi ya 60,000, refa akiwa Mholanzi Leo Horn. Kufikia dakika ya 23 Ferenc Puskás wa Madrid alikuwa ameshafunga mara mbili. Bao la kwanza lilitokana na pasi ndefu ya Alfredo Di Stéfano, naye Puskás akakimbia peke yake kuelekea lango. La pili alilipiga kutoka mbali. Puskás alikuwa na miaka 35, mwenye kitambi kidogo, na mguu wake wa kushoto ulikuwa haujazeeka hata kidogo. Benfica hawakuyumba. Eusébio alipiga mpira wa adhabu, ukagonga mwamba na kurudi, Águas akaumalizia. Muda mfupi baadaye Cavém akasawazisha kwa shuti kali. Kabla ya mapumziko Puskás akafunga la tatu: 3–2.

Hapo ndipo mkono wa Guttmann ulipoonekana. Alikuwa Myahudi wa Budapest, mtu wa nchi moja na Puskás, na aliijua Madrid ilivyofanya kazi. Mabao yalikuwa ya Puskás, lakini chemchemi ilikuwa Di Stéfano, aliyeshuka nyuma kuuchukua mpira na kuugawa apendavyo. Kipindi cha pili Cavém alipewa kazi moja tu, kumganda Di Stéfano kila aendako. Pasi zikakatika. Puskás akabaki mbele akisubiri mipira isiyofika, na miguu ya wazee wa Madrid ikaanza kuwa mizito.

Coluna alisawazisha kwa shuti la mbali mapema katika kipindi hicho. Dakika ya 65 hivi Eusébio aliangushwa ndani ya eneo la hatari, akaipiga penalti mwenyewe na kufunga. Dakika chache baadaye Benfica walipata mpira wa adhabu. Coluna akamsogezea, Eusébio akaupiga kwa nguvu zake zote, ukagusa mtu njiani na kuingia. Matokeo yakawa 5–3. Puskás aliondoka uwanjani akiwa amefunga mabao matatu katika fainali ya Kombe la Ulaya na kushindwa, jambo ambalo halijampata mwingine. Eusébio, kama alivyosimulia miaka mingi baadaye, alikuwa amemwomba Bwana Coluna amsemee kwa Di Stéfano ampe jezi yake. Aliipata, na katika msukosuko wa mashabiki waliomwinua mabegani hofu yake ilikuwa moja tu: asinyang'anywe jezi ile.

Tuwatazame sasa wachezaji kumi na mmoja wa Benfica wa siku hiyo. Kipa Costa Pereira alizaliwa Nacala, kaskazini mwa Msumbiji. Coluna na Eusébio ni watoto wa kusini mwa nchi hiyo hiyo. Nahodha José Águas alizaliwa Angola. Katika mabao matano, manne yalifungwa na watu waliozaliwa Afrika. Benfica wakati huo walijivunia kutosajili mgeni hata mmoja, msimamo walioushika hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Madrid ilikuwa na Muajentina, Mhungaria, Muuruguai. Benfica ilisema ina Wareno watupu. Fahari hiyo iliwezekana kwa sababu ramani ya Ureno ya dikteta Salazar iliita Angola na Msumbiji mikoa ya ng'ambo.

Lakini Ureno huo haukuwa mmoja kwa wote. Águas na Costa Pereira walikuwa watoto wa Kizungu, raia tangu kuzaliwa. Kwa Mwafrika mweusi kulikuwa na sheria iliyomweka katika fungu la wenyeji wasio raia, mpaka athibitishe mbele ya serikali kwamba ameacha desturi zake na kuishi kama Mreno. Sheria hiyo ilifutwa Septemba 1961, msimu huu wa kombe ulipokuwa unaanza, na ilifutwa kwa sababu vita vilikuwa vimekwisha kuwaka Angola mapema mwaka ule na Lisbon ilihitaji sura nzuri mbele ya dunia. Sura hiyo ilipewa jezi nyekundu. Coluna na Eusébio wakawa ushahidi wa utawala uliokuwa ukipeleka askari kwao. Simlaumu hata mmoja wao. Klabu kubwa za Italia zilipomtaka Eusébio baadaye, serikali ilimzuia kuondoka. Alitangazwa mali ya taifa, na mali haina hiari.

Tarehe nyingine ya mwaka ule inapaswa kukaa karibu na Mei 2. Juni 25, 1962, siku zisizofika sitini baada ya Amsterdam, vyama vitatu vya Wamsumbiji viliungana Dar es Salaam, katika Tanganyika iliyokuwa na uhuru wa miezi sita, vikazaa FRELIMO chini ya Eduardo Mondlane. Katika kimoja cha vyama hivyo, MANU, walijaa Wamakonde waliovuka Ruvuma kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge na bandari zetu. Septemba 1964 FRELIMO walianza vita, na Juni 25, 1975 nchi ikawa huru. Coluna alirudi nyumbani na kuliongoza shirikisho la soka la Msumbiji. Eusébio alibaki Ureno. Walifariki mwaka mmoja, 2014, Eusébio Januari mjini Lisbon na Coluna Februari mjini Maputo.

Guttmann naye aliomba nyongeza baada ya Amsterdam, akanyimwa, akaondoka. Hadithi ya laana yake, kwamba Benfica hawatalishika tena kombe la Ulaya kwa miaka mia, imekuzwa sana na sina haja ya kuitetea. Kilicho hakika ni kwamba wamecheza fainali nane za Ulaya tangu hapo na kupoteza zote. Ya kwanza kati ya hizo ilikuwa Wembley, Mei 22, 1963, dhidi ya Milan: Eusébio alitangulia kufunga, kisha Coluna akaumizwa mguu kipindi cha pili, pasipo mtu wa kumbadili. Tutaianza hapo sehemu ya tatu.