Njoo na Faili la Slaidi

Duka langu la kuchapa na kujalidi liko hatua chache kutoka geti la chuo, na kila msimu wa kukusanya tasnifu nakutana na kosa lilelile. Juzi aliingia muuguzi anayesoma shahada ya uzamili, flashi mkononi, akitaka nakala nne zenye jalada gumu. Katikati ya kazi yake palikuwa na grafu ya wajawazito waliohudhuria kliniki. Namba zote zilikuwa ukungu mtupu.

“Dada, hii picha umeitoa wapi?”

Alikuwa ameifungua slaidi kwenye laptopu, akaipiga picha kwa simu, akajitumia kwa WhatsApp, kisha akaibandika kwenye Word. Simu ilinasa mng’ao wa kioo, WhatsApp nayo ikaipunguza picha ili isafiri haraka. Niliumia, maana ile grafu ndiyo iliyobeba utafiti wake wote.

Nikamwomba faili lenyewe la PowerPoint. Bahati nzuri lilikuwemo. Ukiwa kwenye slaidi unayoitaka, nenda File, kisha Save As, na kwenye aina ya faili chagua PNG. Programu itakuuliza kama unataka slaidi zote au hiyo moja tu. JPEG iache kwa picha za watu na mandhari. Kwenye herufi na mistari huacha madoa pembezoni.

Ila kuna jambo wengi hawalijui. Kwenye Windows, slaidi pana hutoka na pikseli 1280 kwa 720 usipobadilisha kitu. Karatasi yataka pikseli 300 kwa kila inchi ili chapa iwe safi, kwa hiyo picha hiyo inatosha upana wa inchi 4 na kidogo, wakati nafasi ya maandishi kwenye A4 hupita inchi 6. Ndiyo maana grafu yake sikuitoa hivyo. Niliibofya yenyewe kwa kitufe cha kulia, nikachagua Save as Picture, nikaihifadhi kama SVG. Aina hii hutunza mstari kama mstari, hata ukiivuta ijae ukurasa haififii. PowerPoint na Word za siku hizi zinaielewa.

Namba zilisomeka hadi ya mwisho.

Wanafunzi wangu, mkija kuchapa, msilete picha peke yake. Leteni na faili la slaidi.